Kuzisaka Jeni Zinazofanya Kazi Ndani ya Kromosomu

Seti moja ya kromosomu 23 za binadamu ina takribani besi bilioni 3 za DNA. Sehemu inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini haifiki asilimia 2 ya urefu huo, na karibu nusu ya urefu wote ni mifuatano inayojirudia mara maelfu kwa maelfu. Jeni za protini, ambazo leo zinahesabiwa kuwa kiasi cha 20,000, hazikugawanywa kwa usawa pia: kromosomu ya 19 imesongamana jeni, ilhali ya 13 na ya 18 zina maeneo marefu yasiyo na jeni hata moja. Wala jeni yenyewe si kipande kimoja kilichoungana. Mwaka 1977 maabara ya Phillip Sharp na ile ya Richard Roberts, nchini Marekani, zilionyesha kwamba jeni inaweza kukatwakatwa: vipande vyenye maana, yaani ekzoni, hutenganishwa na vipande virefu vinavyoitwa introni. Seli hunakili jeni nzima kuwa RNA, huondoa introni, huunga ekzoni, kisha hupeleka RNA hiyo ya ujumbe nje ya kiini ikasomwe na kuwa protini.

Kwa sababu hiyo, mtafiti aliyekabidhiwa kipande cha kromosomu chenye besi milioni moja hawezi kukitazama tu na kusema jeni iko wapi. Besi za jeni na besi za sehemu isiyo na kazi ni zile zile nne. Kinachozitofautisha ni alama mbili: jeni huacha dalili katika DNA inayoizunguka, na jeni inayofanya kazi hutoa RNA. Njia zote zilizotumika maabara tangu miaka ya 1980 zinafuata moja ya alama hizo au zote mbili, na kila njia ina jeni ambazo haiwezi kuziona. Ndiyo maana jeni kubwa za magonjwa zilizopatikana katika kipindi hicho zilipatikana kwa njia kadhaa zilizosaidiana.

Dalili ya kwanza iliyotumika ni kufanana kwa viumbe. Sehemu ya DNA isiyo na kazi hubadilika bila kizuizi kizazi hadi kizazi, lakini mabadiliko ndani ya jeni muhimu mara nyingi humdhuru mwenye nayo, kwa hiyo jeni hubaki karibu vilevile kwa mamilioni ya miaka. Maabara ilichukua DNA ya binadamu, nyani, ng'ombe, panya, kuku na wengineo, ikaikata kwa vimeng'enya, ikatenganisha vipande kwa umeme ndani ya jeli, na kuvihamishia kwenye utando wa nailoni kwa njia aliyoitangaza Edwin Southern mwaka 1975. Kisha kipande cha kromosomu kinachochunguzwa kilitiwa fosforasi yenye mionzi na kumwagwa juu ya utando huo. Kwa kuwa besi A hushikana na T, na G hushikana na C, kipande hicho, yaani kichunguzi, hung'ang'ania pale tu kinapokuta mfuatano unaolingana nacho. Doa jeusi likitokea kwenye filamu katika safu ya ng'ombe na ya panya, si ya binadamu pekee, kipande hicho kinastahili kufuatiliwa.

Hivyo ndivyo timu ya Louis Kunkel, mjini Boston, ilivyoifikia jeni ya ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli ya watoto wa kiume. Watafiti walianza na DNA ya mgonjwa aliyepoteza kipande cha kromosomu X katika eneo la Xp21, wakatenga vipande vinavyotoka katika pengo hilo, na mwaka 1986 wakaonyesha kuwa baadhi yake vimehifadhiwa kwa wanyama wengine na vinatambua RNA kubwa katika misuli ya kijusi. Mwaka uliofuata RNA hiyo ilisomwa yote: ina besi kama 14,000. Jeni inayoitoa imetandaa zaidi ya besi milioni 2, ikiwa na ekzoni 79. Maana yake, zaidi ya asilimia 99 ya jeni hiyo ni introni, na mtu angeweza kuchunguza vipande vingi vilivyomo ndani yake hasa bila kukuta hata ekzoni moja. Katika mazingira hayo, dalili ya kuhifadhiwa ilikuwa msaada mkubwa sana.

Lakini kuhifadhiwa kunaonyesha kwamba mfuatano una kazi. Hakuonyeshi ni kazi gani. Mwaka 1987 kundi la David Page lilitangaza jeni ya ZFY, iliyoko kwenye kromosomu Y, kuwa ndiyo huenda inayoamua jinsia ya kiume. Ilikuwa imehifadhiwa vizuri kwa mamalia. Baadaye ilibainika kwamba kwa wanyama wenye mifuko kama kangaruu jeni hiyo haiko kabisa kwenye Y, na kwamba baadhi ya watu wenye maumbile ya kiume na kromosomu mbili za X wana kipande kidogo cha Y kisicho na ZFY. Jeni halisi iliyotafutwa, SRY, ilitangazwa mwaka 1990 na watafiti wa London, katika kipande hicho kidogo.

Dalili ya pili katika DNA ni visiwa vya CpG. Katika kromosomu za binadamu, jozi ya C ikifuatwa na G ni adimu, kama moja ya tano ya ile ambayo ingetarajiwa, kwa sababu C katika jozi hiyo kwa kawaida hubandikwa kikundi cha methili, na C ya namna hiyo hugeuka kuwa T kwa urahisi katika mwendo wa vizazi. Mwanzoni mwa jeni nyingi, zaidi ya nusu ya zote, kuna eneo la besi mia kadhaa hadi elfu moja au mbili ambako methili haibandikwi na CpG zimejaa. Adrian Bird na wenzake walilieleza jambo hili katikati ya miaka ya 1980. Faida yake maabara ni ya moja kwa moja. Kimeng'enya NotI hukata DNA penye mfuatano GCGGCCGC tu, na hakikati penye methili; kwa hiyo sehemu kubwa ya mikato yake huangukia ndani ya visiwa hivyo. Ramani ya mikato ya NotI ikawa kwa kiasi fulani ramani ya milango ya jeni.

Katika utafutaji wa jeni ya saistiki faibrosisi, ugonjwa unaoziba mapafu na kongosho kwa ute mzito, njia hiyo ilitoa matokeo yenye mafunzo mazito. Mwaka 1985 ugonjwa huo ulikuwa umefungamanishwa na mkono mrefu wa kromosomu ya 7. Mwaka 1987 kundi moja la London lilitumia kisiwa cha CpG kupata jeni katika eneo hilo. Jeni ilikuwa ya kweli na ilifanya kazi, ila haikuwa na kasoro kwa wagonjwa: ni ile inayojulikana leo kama WNT2. Jeni iliyotafutwa ilikuwa mbali zaidi. Lap-Chee Tsui na John Riordan wa Toronto, pamoja na Francis Collins wa Michigan, waliendelea kutambaa na kuruka juu ya kromosomu, kipande baada ya kipande, wakipima kila kimoja kwa utando wa DNA ya wanyama na kwa visiwa vya CpG. Kipande kimoja kilichopita mitihani hiyo kilikataa kuonyesha RNA yoyote kwa upimaji wa kawaida. Ushahidi wa DNA ulikuwepo. Wa kazi haukuwepo. Ili kuelewa walivyokwamuka ni lazima kwanza kuzieleza njia za RNA.

Njia ya msingi ilitangazwa mwaka 1977 na James Alwine, David Kemp na George Stark wa Chuo Kikuu cha Stanford. RNA ya kila kiungo, kama ini, ubongo au misuli, hupitishwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, na kupimwa kwa kichunguzi chenye mionzi. Picha moja hutoa majibu matatu: kama kipande cha kromosomu kina jeni inayofanya kazi, RNA yake ina urefu gani, na inapatikana katika viungo vipi. Udhaifu wake ni kiasi. RNA ya ujumbe ni asilimia chache tu ya RNA yote ya seli, na ujumbe wa jeni moja adimu unaweza kuwa nakala moja au mbili kwa kila seli. Kinyume chake, katika chembechembe changa nyekundu za damu karibu ujumbe wote ni wa globini, protini ile ile ambayo hitilafu ya besi moja katika jeni yake kwenye kromosomu ya 11 huleta ugonjwa wa selimundu. Si ajabu kwamba globini ilikuwa miongoni mwa jeni za kwanza kunakiliwa maabara. Ilijitoa yenyewe kwa wingi. Jeni nyingi hazina ukarimu huo.

RNA pia huharibika upesi. Vimeng'enya vinavyoila viko hata kwenye vidole vya mtafiti. Dawa ya tatizo hilo ilitokana na ugunduzi wa Howard Temin na David Baltimore wa mwaka 1970, kwamba virusi fulani vina kimeng'enya kinachonakili RNA kuwa DNA. RNA ya ujumbe hunaswa kwanza kwa mkia wake wa A nyingi, kimeng'enya hicho huinakili, na nakala ya DNA inayopatikana, iitwayo cDNA, hupandikizwa ndani ya bakteria au virusi vya bakteria. Mkusanyo wa mamia ya maelfu ya nakala kama hizo kutoka kiungo kimoja ndio maktaba ya cDNA. Ubora wake mkubwa ni kwamba introni hazimo: kilichomo ni ekzoni zilizokwisha kuungwa. Kipande cha kromosomu kinachoshukiwa hutiwa mionzi na kupitishwa juu ya maktaba nzima, na koloni linalowaka ndilo lenye jeni.

Lakini maktaba ina kile tu kilichokuwa kikifanya kazi katika kiungo husika siku ile kilipochukuliwa. Hapo ndipo timu ya Toronto ilipokuwa imenasa. Maktaba kadhaa zilipekuliwa bila mafanikio. Wagonjwa wa saistiki faibrosisi hutoka jasho lenye chumvi nyingi kupita kiasi, dalili inayotumika kuupima ugonjwa wenyewe, na kwa hiyo ikatengenezwa maktaba kutoka seli za tezi za jasho za mtu asiye mgonjwa. Humo ilipatikana nakala moja tu. Moja ilitosha. Kwa kuitumia kama kichunguzi, RNA ya besi kama 6,500 ilionekana katika mapafu, kongosho na tezi za jasho, na mwaka 1989 jeni nzima ikatangazwa: imetandaa besi kama 250,000, inatengeneza protini yenye asidi amino 1,480, na takribani asilimia 70 ya kromosomu za wagonjwa waliochunguzwa zilikuwa zimepoteza besi tatu zile zile. Bila kuujua ugonjwa kwa undani, pamoja na jasho lake, wataalamu wa DNA wangeendelea kupekua maktaba zisizo na jeni hiyo.

Tatizo jingine ni kujua jeni inayoonekana kufanya kazi inatoka kromosomu ipi. Seli mseto zilisaidia hapa. Mwaka 1967 Mary Weiss na Howard Green walionyesha kwamba seli ya binadamu ikiunganishwa na ya panya, mseto unaozaliwa hupoteza kromosomu za binadamu polepole, na hatimaye zinaweza kupatikana seli zenye kromosomu moja tu ya binadamu katikati ya zile za panya. RNA yoyote ya kibinadamu ndani ya seli hiyo imetoka kwenye kromosomu hiyo. Matokeo mazuri kuliko yote ya mbinu hii pengine ni XIST. Wanawake wana kromosomu mbili za X, na moja huzimwa karibu yote. Mwaka 1991 kundi la Huntington Willard, akiwemo Carolyn Brown, lilitumia seli mseto zenye X iliyozimwa na nyingine zenye X inayofanya kazi, likapata jeni inayotoa RNA kutoka kwenye ile iliyozimwa peke yake. RNA hiyo ina besi kama 17,000 na haitengenezi protini yoyote; kazi yake ni kuifunika X na kuizima. Mtu aliyekuwa akitafuta protini pekee asingeiona.

Mwaka huo huo wa 1991 zilitangazwa njia mbili zilizobadilisha mwendo wa kazi, kwa sababu ziliweza kushughulikia eneo kubwa la kromosomu kwa mkupuo badala ya kipande kimoja kimoja. Ya kwanza, iliyotoka kwa kundi la Michael Lovett na pia la Sherman Weissman, ni kuchagua cDNA moja kwa moja. DNA ya eneo linalochunguzwa, mara nyingi iliyohifadhiwa katika kromosomu bandia za hamira, hubandikwa kwenye utando, au katika toleo la baadaye kwenye shanga ndogo za sumaku. Mifuatano inayojirudia huzibwa kwanza, la sivyo itanasa kila kitu. Kisha mchanganyiko wa cDNA kutoka viungo vingi humwagwa juu yake, zisizoshikana huoshwa, zilizoshikana huachishwa na kuzidishwa kwa PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, na mzunguko hurudiwa. Baada ya mizunguko miwili, cDNA za eneo hilo huwa zimeongezeka uwiano wake mara elfu na zaidi, hata jeni zenye ujumbe adimu. Kasoro yake ni ndugu wa jeni: nakala iliyokufa iliyobaki mahali pengine kwenye kromosomu, au jeni ya ukoo mmoja, inaweza kunasa cDNA isiyo yake.

Njia ya pili, kutega ekzoni, iliyotangazwa na Alan Buckler na wenzake, inastahili kuelezwa zaidi, kwa kuwa kati ya njia za RNA ndiyo isiyohitaji kujua jeni inafanya kazi katika kiungo gani. Inategemea jambo moja: mashine ya kuunga ekzoni imo katika kila seli yenye kiini, na huitambua ekzoni kwa alama zilizo kwenye kingo zake, iwe ekzoni hiyo ni ya jeni ya ubongo au ya ini. Plasmidi, yaani duara dogo la DNA, hutengenezwa ikiwa na ekzoni mbili zinazojulikana na introni kati yake. Katika plasmidi ya Buckler sehemu hizo zilitoka kwenye jeni ya globini na kwenye jeni ya tat ya virusi vya UKIMWI. Plasmidi hiyo ni kama dema lililozamishwa: kipande cha kromosomu huingizwa ndani ya introni, na ekzoni ikiwemo haitoki tena. Plasmidi hutiwa ndani ya seli za figo za nyani, seli huinakili kuwa RNA na kuunga ekzoni, na RNA inayotoka hugeuzwa kuwa cDNA na kuzidishwa kwa PCR. Kama kipande hakikuwa na kitu, ekzoni mbili za plasmidi huungana zenyewe, na bidhaa huwa fupi. Kama kilikuwa na ekzoni, hujibana katikati na bidhaa huwa ndefu zaidi, ikiwa imekatwa sawasawa kwenye kingo zake.

Njia hii nayo ina mapungufu. Ekzoni ya kwanza na ya mwisho za jeni hazinaswi, kwa sababu kila moja ina ukingo mmoja tu wa kuungwa. Jeni zisizo na introni, SRY ikiwa mojawapo, hupita bila kuonekana. Kipande kikiingia kichwa chini, hakitoi kitu. Na mara kwa mara mfuatano wa bahati unaofanana na ukingo wa ekzoni humpa mtafiti mateka wa uongo. Hata hivyo ni kwa njia hii jeni ya ugonjwa wa Huntington ilipatikana.

Huntington huanza kwa kawaida katika umri wa kati, huharibu ubongo taratibu, na mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuurithi. Mwaka 1983 James Gusella, akitumia damu ya familia kubwa zilizo kando ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, ambako Nancy Wexler na wenzake walikuwa wakikusanya nasaba, aliuweka ugonjwa huo kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 4. Ilionekana jeni ingepatikana karibuni. Ilichukua miaka 10. Tatizo lilikuwa kwamba hakukuwa na mgonjwa aliyepoteza kipande cha kromosomu cha kuelekeza njia, kama ilivyokuwa kwa Duchenne, na RNA ya jeni hiyo iko katika viungo vingi, kwa hiyo mahali inapofanya kazi hapakuitofautisha na majirani zake. Eneo lilipobanwa hadi kama besi 500,000, utegaji wa ekzoni ulizitoa jeni zilizomo. Kadhaa zilipimwa kwa wagonjwa na kuachwa, mojawapo ikiwa ile ya aduksini, protini ya utando wa seli. Iliyobaki ilipewa alama ya muda IT15. Ndani yake mna neno la besi tatu, CAG, linalojirudia. Kwa watu wengi mara chache kuliko 35, kwa wagonjwa mara nyingi zaidi ya 40. Makundi sita yaliyokuwa yakishirikiana yaliitangaza kwa pamoja mwezi Machi 1993. Ushirikiano huo, ambao uliwakusanya watu ambao wangeweza kushindana, ni miongoni mwa mambo bora ya historia hii.

Wakati hayo yakiendelea, Craig Venter, Mark Adams na wenzao walichagua njia nyingine kabisa: kuacha kromosomu na kusoma cDNA kiholela. Mwaka 1991 walisoma kwa mashine vipande vifupi vya zaidi ya nakala 600 kutoka maktaba ya ubongo, na 337 zikawa za jeni mpya. Kila kipande kilitosha kuwa kitambulisho cha jeni yake. Taasisi za Afya za Marekani zilipoomba hataza kwa vipande hivyo vya jeni ambazo kazi yake haikujulikana, wanasayansi wengi walipinga, na ni haki walivyofanya. Maombi hayo yaliondolewa mwaka 1994. Kwa kuwa jeni zenye ujumbe mwingi zilisomwa tena na tena, Bento Soares alibuni maktaba zilizosawazishwa, ambamo jeni adimu na za kawaida zina idadi inayokaribiana. Vitambulisho vilirudishwa kwenye kromosomu kwa kupimwa dhidi ya seli mseto zilizovunjwavunjwa kwa mionzi, na mwaka 1996 ikatoka ramani yenye zaidi ya jeni 16,000.

Rasimu ya mfuatano wa kromosomu zote ilipotangazwa mwaka 2001, kompyuta iliweza kukisia jeni ziko wapi, na makisio ya wakati huo yalikuwa kati ya 30,000 na 40,000. Mwaka 2004 yalishuka hadi kati ya 20,000 na 25,000. Kilichoyashusha kilikuwa, kwa sehemu kubwa, kulinganisha makisio na RNA halisi na mifuatano ya viumbe wengine, yaani zile dalili za zamani kwa vyombo vipya. Tangu mwaka 2008 njia kuu ni kuichukua RNA yote ya sampuli, kuigeuza cDNA, kuisoma vipande mamilioni kwa wakati mmoja, na kuiachia kompyuta kutafuta kila kipande kilitoka wapi kwenye kromosomu. Kipande kinachoanza katika ekzoni moja na kuishia katika nyingine huonyesha mahali seli ilipounga. Idadi ya vipande huonyesha jeni inafanya kazi kwa kiasi gani. Mashine za karibuni husoma RNA nzima tangu mwanzo hadi mkia, na hivyo kuonyesha ni ekzoni zipi zilizotumika pamoja, jambo ambalo vipande vifupi huliacha kwa kukisia. Upimaji wa seli moja moja umeondoa kikwazo kingine, kwani jeni inayofanya kazi katika seli chache za kiungo haizamishwi tena na wingi wa nyingine.

Mwaka 2022 muungano wa watafiti ulitangaza mfuatano wa kwanza usio na mapengo, isipokuwa kromosomu Y, ambayo ilikamilishwa baadaye. Ulijumuisha vitovu vya kromosomu na mikono mifupi ya kromosomu za 13, 14, 15, 21 na 22, maeneo ya marudio ambayo njia zote za awali zililazimika kuyaacha. Katika sehemu zilizoongezwa yalikisiwa maeneo 1,956 ya jeni, 99 kati yake yakidhaniwa kuwa ya protini. Nyingi ya hizo ni nakala za jeni zinazojulikana, zinazofanana mno hivi kwamba kipande kifupi cha RNA hakiwezi kusema kilitoka nakala ipi. Kinachohitajika ni kusoma RNA ndefu, kiungo kwa kiungo, hadi ibainike nakala zipi zinafanya kazi na zipi zimekufa.